Gudang Garam, sigara inayonukia karafuu

Mvutaji wa Gudang Garam hutambulika kabla hajaonekana. Moshi wake hunukia karafuu, na sigara yenyewe ikiwaka hutatarika kwa sauti ndogo, kwa kuwa vipande vya karafuu hupasuka kwa moto. Katika masikio ya wenyeji wa kisiwa cha Java, sauti hiyo husema "kretek-kretek", ndipo sigara za aina hii zikaitwa kretek.

Masimulizi ya mji wa Kudus yanamtaja Haji Djamhari kuwa mwasisi wake. Katika miaka ya 1880, bwana huyu aliyesumbuliwa na maumivu ya kifua alichanganya karafuu na tumbaku, akasokota, akavuta, akaona nafuu. Nafuu hiyo haikuwa tiba. Karafuu ina yujenoli, kemikali inayotia ganzi, ile ile inayotuliza jino linalouma. Koo lililotiwa ganzi halilalamikii ukali wa moshi.

Gudang Garam yenyewe ilizaliwa mwaka wa 1958 mjini Kediri, mashariki mwa Java. Mwanzilishi wake, Surya Wonowidjojo, mzaliwa wa China, alikuwa amejifunza kazi katika kiwanda cha mjomba wake. Jina hilo maana yake ni "ghala la chumvi", na inasimuliwa kwamba ghala hilo lilimjia ndotoni. (Msomaji atambue kuwa gudang ya Kimalei ni jamaa ya neno letu godauni.) Picha ya maghala hayo na reli inayopita mbele yake ingali kwenye pakiti.

Lakini kisa cha kretek kinatuhusu kwa njia nyingine. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia. Mti huo ulifika Zanzibar mapema katika karne ya 19, ukastawi Unguja na hasa Pemba. Viwanda vya kretek vilipopanuka, mazao ya Indonesia hayakuvitosha, nayo nchi iliyoupa ulimwengu mkarafuu ikawa mnunuzi mkuu wa karafuu za Zanzibar. Kwa miongo kadhaa, sehemu kubwa ya jasho la wachumaji wa Pemba iliishia kuwa moshi wa Java.

Neema hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia ilihimiza upanzi wa mikarafuu, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa ikijitosheleza. Bei ikaporomoka, Zanzibar ikabaki na bidhaa isiyo na mnunuzi wa kuaminika. Wakulima wa Indonesia nao hawakufaidi kwa muda mrefu: mapema katika miaka ya 1990, mwanawe Rais Suharto, Tommy, alipewa ukiritimba wa biashara hiyo. Ulivunjwa mwaka wa 1998 kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF).

Mwaka wa 2009 Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha, za karafuu zikiwemo, ila ikaziacha za mentholi, ambazo nyingi hutengenezwa huko huko. Indonesia ilishtaki mbele ya Shirika la Biashara Duniani (WTO), ikashinda rufaa mwaka wa 2012. Nchi hizo zilipatana mwaka wa 2014, lakini marufuku ikabaki.

Wapo wanaodhani kwamba kretek ni sigara laini kwa sababu ya manukato yake. La hasha. Zaidi ya nusu ya kilichomo ni tumbaku, na lami na nikotini zake aghalabu huzidi zile za sigara ya kawaida. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku mwaka wa 2004, ikatunga sheria yake mwaka wa 2007. Indonesia haijajiunga nao. Kilichozibana kampuni zake ni ushuru uliopandishwa mara kwa mara, na faida ya Gudang Garam ilishuka vibaya mwaka wa 2024, wavutaji wakihamia sigara za bei nafuu.