Watangazaji wa besiboli: Kazi ya kuuonyesha mchezo kwa sauti

Na Mwandishi Wetu

ALASIRI ya Agosti 5, 1921, Harold Arlin, kijana wa miaka 25 aliyekuwa msimamizi katika kampuni ya umeme ya Westinghouse, aliketi nyuma ya wavu katika uwanja wa Forbes Field mjini Pittsburgh, Marekani, akiwa na simu iliyogeuzwa kuwa kipaza sauti. Timu ya nyumbani, Pirates, ilikuwa ikicheza na Phillies ya Philadelphia.

Pirates ilishinda 8-5. Maneno ya Arlin, yaliyorushwa hewani na kituo cha KDKA, yakawa matangazo ya kwanza ya redio ya moja kwa moja ya mchezo wa ligi kuu ya besiboli. Hakuwa na mtu wa kumwiga. Mara nyingine mtambo uligoma, mara nyingine kelele za watazamaji zilimmeza, naye akaendelea kusema anachokiona.

Kwa msomaji wa huku kwetu, aliyezoea kumsikiliza mtangazaji wa soka akipaa na mpira kutoka winga ya kulia hadi golini bila kupumua, kazi hiyo yaweza kuonekana nyepesi. Ukweli ni kinyume chake, na sababu imo katika mchezo wenyewe.

Besiboli huchezwa kwa awamu tisa. Katika kila awamu, timu moja hupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe, kisha timu ya pili nayo huingia kupiga. Mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiupiga, hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Kati ya mpira mmoja na unaofuata kuna muda wa kutosha mtu kunywa maji. Kitendo huisha kwa sekunde chache, kisha hufuata utulivu. Mchezo hauna saa ya kuumaliza, na waweza kuchukua saa tatu au zaidi.

Hivyo, mtangazaji wa soka hupambana na kasi, ilhali yule wa besiboli hupambana na ukimya. Tena hupambana nao karibu kila siku, kwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kila timu ya ligi kuu hucheza michezo 162 kwa msimu. Msikilizaji humsikia mtangazaji huyo mara nyingi kuliko amsikiavyo shemeji yake.

Silaha yake ya kwanza ni daftari la hesabu. Kila nafasi uwanjani ina namba: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, na kuendelea hadi 9. Mpira ukiokotwa na mchezaji namba 6, akampa namba 4, naye akamrushia namba 3, mtangazaji huandika 6-4-3 na habari nzima imekwisha. Aliyetolewa kwa kukosa mipira mitatu huandikiwa herufi K. Aliyeuachia wa tatu upite bila kuutikisia gongo, herufi hiyo huandikwa imegeuzwa. Baada ya saa mbili, ukurasa huo ndio unaomwezesha mtangazaji kusema bila kusita kwamba mpigaji huyu alitolewa vivyo hivyo katika awamu ya pili.

Ya pili ni macho, nayo yana kanuni ambayo mgeni huishangaa. Mpira unapopigwa juu sana, mtangazaji mzoefu hautazami. Humtazama mlinzi wa nyuma, maana miguu yake ndiyo isemayo kama mpira utadakwa au utavuka ukuta. Wengi wamewahi kupiga kelele za ushindi kwa mpira uliotua mikononi mwa mlinzi aliyekuwa amesimama tu akiungojea.

Mtangazaji wa kwanza kuwa nyota wa taifa zima alikuwa Graham McNamee, mwimbaji aliyeingia redioni na kupewa fainali za World Series za mwaka 1923. Hakuwa mjuzi mkubwa wa besiboli, na waandishi wa magazeti walimcheka kwa hilo. Lakini sauti yake ilibeba hewa ya uwanja, na baada ya fainali za 1925 inasimuliwa kwamba alipokea barua 50,000.

Wamiliki wa timu walikuwa na hofu. Ikiwa mtu aweza kuusikia mchezo bure sebuleni, atanunua tiketi ya nini? William Wrigley, mmiliki wa Cubs ya Chicago, aliamini kwamba redio ingewavuta watu uwanjani, akaviruhusu vituo vya jiji hilo kutangaza michezo yake. Timu tatu za New York ziliamini vingine: Yankees, Giants na Dodgers zilikubaliana kuizuia redio, na zuio hilo lilidumu kuanzia 1934 hadi 1938.

Mwaka huo wa 1938 mahakama moja ya shirikisho mjini Pittsburgh iliamua shauri ambalo bado linastahili kukumbukwa na kila mwanahabari. Kituo cha KQV kiliwaweka watu wake mahali palipokuwa nje ya Forbes Field, walikoweza kuona ndani, kisha kikatangaza mchezo bila kibali. Pirates, iliyokuwa imekwisha kuuza haki za matangazo, ikashtaki. KQV ilijitetea kwamba kinachoonekana kwa macho kutoka nje ya uwanja ni habari ya kila mtu. Jaji aliipa timu ushindi, akisema ndiyo iliyoandaa mchezo na kuugharimia. Sehemu kubwa ya biashara ya haki za matangazo ya michezo imejengwa juu ya fikra hiyo.

Kulikuwa na tatizo jingine, nalo lilikuwa la fedha. Kumsafirisha mtangazaji pamoja na timu na kukodi laini ya simu kutoka mji wa mbali kuligharimu mno. Ndipo ikazaliwa sanaa ya ajabu ya kutangaza mchezo usiouona.

Mtu wa telegrafu alikaa uwanjani na kutuma taarifa kwa mkato. Studioni, mamia ya maili kutoka hapo, mwenzake alizipokea na kumkabidhi mtangazaji kipande cha karatasi chenye herufi mbili au tatu tu. Kutokana na herufi hizo mtangazaji alimuumba mrushaji anayefuta jasho, mpigaji anayekung'uta vumbi viatuni na mpira unaopita pembeni kidogo. Kijiti kiligongwa kwenye ubao ili kuiga mlio wa gongo, na santuri ilipiga kelele za watazamaji.

Mmoja wa mafundi wa kazi hiyo alikuwa kijana wa kituo cha WHO mjini Des Moines, Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani kati ya 1981 na 1989. Alipenda kusimulia siku telegrafu ilipokatika katikati ya mchezo wa Cubs. Angekiri hewani, wasikilizaji wangehamia vituo vingine vilivyokuwa na mchezo huo huo. Akaamua kumfanya mpigaji aupige mpira nje ya mstari, tena na tena, kwa zaidi ya dakika sita, kwa sababu pigo la namna hiyo haliingii katika takwimu za mwisho. Laini iliporudi, ikaonekana mpigaji alikuwa ametolewa kwa mpira wa kwanza tu.

Hadithi hiyo huchekesha, lakini ndani yake mna swali zito kwa taaluma hii. Red Barber, aliyekuwa akitangaza michezo ya namna hiyo hiyo, alilijibu kwa njia yake: alikiweka kipaza sauti karibu na mashine ya telegrafu ili msikilizaji asikie mlio wake na ajue kwamba mtangazaji hayuko uwanjani.

Barber, mzaliwa wa Mississippi, aliletwa Brooklyn na Dodgers mwaka 1939, mwaka ambao zuio la New York lilivunjika. Alizungumza taratibu, kwa lafudhi ya kusini na misemo ya mashambani. Juu ya meza yake palikuwa na saa ndogo ya mchanga ya dakika tatu, ile ya kupimia mayai yanayochemshwa. Kila mchanga ulipokwisha, aliigeuza na kutaja matokeo, maana kila dakika kuna msikilizaji ambaye ndiyo kwanza amefungua redio. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna kifaa chenye faida kubwa zaidi kwa bei ndogo zaidi katika historia ya utangazaji. Agosti 26 ya mwaka huo huo, Barber alitangaza pia mchezo wa kwanza wa ligi kuu kuonyeshwa katika televisheni, uliopigwa picha kwa kamera mbili tu.

Mwaka 1945 kiongozi wa Dodgers, Branch Rickey, alimweleza kwa siri kwamba atamleta mchezaji mweusi katika ligi iliyokuwa ya Wazungu watupu. Barber, aliyelelewa katika ubaguzi wa kusini, alirudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba ataacha kazi. Mkewe alimshauri asifanye haraka. Alipotafakari, aliona kazi yake ni kueleza kilichotokea uwanjani, basi. Aprili 15, 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani, Barber alimtangaza kama alivyomtangaza mchezaji mwingine yeyote, na mamilioni walioizoea sauti hiyo walijifunza jambo bila kuhubiriwa.

Msimamo huo huo ndio uliokuja kumgharimu. Septemba 22, 1966, akiwa amehamia Yankees, alikuta watazamaji 413 tu katika uwanja wa kuchukua zaidi ya 60,000. Aliomba kamera ionyeshe viti vitupu, akakataliwa. Akasema hewani kwamba habari ya siku hiyo si mchezo, ni watazamaji. Siku chache baadaye aliarifiwa kwamba mkataba wake hautaongezwa.

Tangazo linalokumbukwa kuliko yote lilitolewa Oktoba 3, 1951, katika uwanja wa Polo Grounds, New York. Bobby Thomson wa Giants aliupiga mpira wa Ralph Branca wa Dodgers ukavuka ukuta, na ubingwa wa ligi ukabadili mikono kwa pigo moja. Russ Hodges alipaza sauti redioni mara nne mfululizo kwamba Giants imetwaa ubingwa. Sauti hiyo ipo hadi leo kwa sababu shabiki mmoja aliirekodi nyumbani kwake. Ernie Harwell alikuwa akilitangaza tukio lile lile katika televisheni, lakini maneno yake hayakuhifadhiwa. Harwell ndiye yule aliyeletwa Brooklyn mwaka 1948 kwa kubadilishwa na mdakaji, Cliff Dapper, jambo ambalo si la kawaida kwa mtangazaji.

Msaidizi kijana wa Barber, Vin Scully, alianza kazi Dodgers mwaka 1950 na kustaafu mwaka 2016, baada ya misimu 67. Timu ilipohamia Los Angeles mwaka 1958, ilicheza katika uwanja mkubwa wa Coliseum, ambako mwenye kiti cha nyuma aliwaona wachezaji kama siafu. Mashabiki wakaenda na redio ndogo za transista, wakawa wanautazama mchezo na kumsikiliza Scully kwa pamoja. Mwaka 1960 aliwaomba hewani wamtakie mwamuzi Frank Secory heri ya siku ya kuzaliwa, na uwanja ukaitika kwa sauti moja.

Scully alipenda kutangaza peke yake, ili azungumze na msikilizaji badala ya kupiga soga na mwenzake. Septemba 9, 1965, Sandy Koufax alipokaribia kuwatoa wapigaji wote 27 wa Cubs bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, Scully alitaja tarehe na saa kati ya mpira na mpira, kana kwamba anaandika hati ya kumbukumbu.

Aprili 8, 1974, mjini Atlanta, Hank Aaron alipiga mpira wa 715 wa kuvuka ukuta, akaipita rekodi ya Babe Ruth. Aaron alikuwa amepokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa kosa la kuwa mtu mweusi aliyeikaribia rekodi ya Mzungu. Scully alinyamaza, akauacha umati usikike. Aliporudi, alisema kwamba mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama katika kusini ya Marekani kwa kuivunja rekodi ya shujaa wa besiboli wa zama zote. Scully alifariki dunia Agosti 2, 2022.

Katika timu hiyo hiyo, Jaime Jarrín, mhamiaji kutoka Ecuador, alianza kutangaza kwa Kihispania mwaka 1959. Alipofika Marekani hakuujua mchezo huu. Katika miaka ya mwanzo, Dodgers ikiwa ugenini, aliketi studioni akimsikiliza Scully na kutangaza upya kwa Kihispania papo hapo. Alistaafu mwaka 2022.

Milango mingine ilichelewa kufunguka. Bill White, aliyekuwa mchezaji, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa mtangazaji wa kudumu wa timu ya ligi kuu, Yankees, mwaka 1971. Kwa wanawake imechukua muda mrefu zaidi: mwaka 2024 Jenny Cavnar alikuwa wa kwanza kupewa nafasi ya mtangazaji mkuu wa timu, ile ya Athletics.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofupisha msimu hadi michezo 60, watangazaji hawakusafiri na timu zao. Walikaa katika viwanja vitupu vya nyumbani, wakatangaza michezo ya ugenini kwa kutazama runinga, huku kelele za mashabiki zikitoka kwenye mashine. Wazee wa telegrafu wangeitambua kazi hiyo mara moja.

Mabadiliko ya karibuni ni saa ya mrushaji, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Mrushaji alipewa sekunde 15 vituo vikiwa vitupu, na 20 kukiwa na mkimbiaji. Wastani wa muda wa mchezo ulishuka kutoka saa tatu na dakika chache hadi saa mbili na dakika 40 hivi. Mashabiki wengi wamefurahi. Mtangazaji, kwa upande wake, amebaki na pumzi chache kati ya mpira na mpira, na kisa ambacho Scully angekigawa taratibu kwa wapigaji watatu sasa hukatizwa kabla ya kufika nusu yake.