Biri na Divai Nyekundu: Asili ya Ada ya Mezani

Miongoni mwa ada zinazohesabiwa kuwa kongwe huko Ulaya ni ile ya kuvuta biri huku mtu akinywa divai nyekundu baada ya chakula cha usiku. Wapenzi wake huisimulia kana kwamba imerithiwa tangu enzi za wafalme wa kale. Walakini, mtu akizifuata tarehe za mambo na nyendo za maneno yenyewe, ataona kwamba katika Uingereza, inakosifiwa zaidi ada hii, vitu hivi viwili vilikaa muda mrefu bila kuketi meza moja, na waliovikutanisha ni askari na watoza ushuru kuliko mabingwa wa ladha.

Biri hapa ni msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku, si sigara ya karatasi. Kiswahili kilipata jina hilo kutoka Bara Hindi, ambako bidi ni kijisigara chembamba cha watu wa hali ya chini. Ajabu ni kwamba jina la kitu duni limekuja kubebeshwa anasa ya matajiri. Sigara nayo, ambayo kwa asili yake ya mbali ni cigarro ya Kihispania, yaani biri hasa, imeshushwa daraja ikawa ya karatasi. Juu ya cigarro wataalamu hawajapatana: wengine huihusisha na neno la Kimaya la kuvuta, wengine na cigarra, yaani nyenze, kwa kuwa msokoto wafanana na umbo la mdudu huyo. Mvinyo watokana na Kireno vinho, na divai yahusishwa na Kifaransa. Kwa hiyo hata katika Kiswahili vitu hivi viliingia kwa milango mbalimbali.

Wazungu wa kwanza kuona tumbaku ikivutwa Cuba walikuwa wajumbe wawili wa Columbus, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, mnamo Novemba 1492. Hispania ikaishika biashara ile, na mjini Seville kikajengwa kiwanda kikubwa cha mfalme. Waingereza, kwa upande wao, walivuta kiko. Divai yao nyekundu ilikuwa ya Bordeaux, hata vita na Ufaransa vilipoifanya kuwa ghali, tena ya adui. Kwa Mkataba wa Methuen wa 1703, Ureno ilikubali kupokea nguo za sufu za Kiingereza, na Uingereza ikaahidi kwamba ushuru wa divai ya Kireno utakuwa pungufu kwa theluthi moja kuliko ule wa divai ya Kifaransa. Divai ya bonde la Douro ikaja kutiwa brandi, ambayo hukatiza uchachukaji na kuuacha utamu wa zabibu. Ndiyo iitwayo poti, kwa jina la mji wa Porto. Mipaka ya mashamba yake ilianza kuwekwa na serikali mwaka 1756.

Vita vya Rasi ya Iberia, 1808 hadi 1814, viliwapeleka askari wa Kiingereza katika nchi hizo mbili kwa pamoja, Ureno ya poti na Hispania ya biri, nao wakarudi kwao na mazoea mapya. Mwaka 1817 Mfalme Fernando VII akaondoa ukiritimba wa tumbaku ya Cuba, na njia ya biri za Havana ikafunguka.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Biri ilipofika London, mwenzi wake hakuwa divai bali kahawa. Nyumba ya Simpson's, iliyofunguliwa mwaka 1828 katika mtaa wa Strand, ilijulikana kuwa Cigar Divan: watu walivuta, wakanywa kahawa, wakasoma magazeti na kucheza sataranji. Divan hiyo si nyingine ila ni lile neno la Kiajemi lililowapa Waswahili diwani. Waingereza waliuona moshi pamoja na kahawa kuwa mambo ya Mashariki, wakauita kwa jina la Mashariki. Majumbani, waungwana walikunywa poti mezani wanawake wakishaondoka, na mvutaji akatafuta chumba chake na koti lake maalumu, asije akanuka. Wellington, jemadari wa vita ile ile, alikemea uvutaji katika mabwalo ya maofisa. Malkia Victoria aliuchukia.

Yasimuliwa kwamba Edward VII, aliyerithi ufalme mwaka 1901, aliwapa wageni wake ruhusa ya kuvuta mara tu baada ya chakula. Hadithi hii yapendeza mno, na kwa hiyo yafaa ipokewe kwa hadhari. Mabadiliko yalikwisha kuanza: akiwa bado mwana wa malkia, mwishoni mwa miaka ya 1860, alianzisha klabu ya Marlborough kwa kuchukizwa na vizuizi vya uvutaji katika klabu ya White's.

Iliyofaidika ni poti. Divai kavu ya Bordeaux ina tanini ikaushayo kinywa, na moshi wa biri una uchungu wake. Viwili hivyo huzidishiana ukali, hali utamu wa poti na kileo chake cha kadiri ya asilimia 20 huumudu moshi. (Kuzidishiana kuna upande mwingine usio wa ladha: madaktari wamethibitisha kwamba tumbaku na kileo kwa pamoja hukuza mno hatari ya saratani ya kinywa na koo.)

Bordeaux iliipata biri kwa jina. Katika miaka ya 1940 Zino Davidoff, muuza tumbaku wa Geneva, alizipa biri za Cuba majina ya mashamba mashuhuri ya divai: Latour, Margaux, Lafite. Kilichoazimwa hapo ni heshima, si ladha, kwani katika orodha hiyo hiyo lilikuwamo jina la Yquem, ambayo ni divai nyeupe. Tangu 1 Julai 2007, sheria ya England imekataza kuvuta ndani ya mahali pa watu wote palipofunikwa, vilabu na hoteli zikiwamo. Poti imebaki mezani. Biri imetolewa tena nje.