PUNDA AFE MZIGO UFIKE? Historia ya Kilo za Mpandaji na Mgongo wa Farasi

Ukiona picha ya staa amekaa juu ya farasi ufukweni, macho yanakimbilia nguo na pozi. Ni wachache wanaojiuliza aliye chini anajisikiaje. Kumbe swali hilo lina historia ndefu, na mwanzoni wala halikuwa la huruma. Lilikuwa la pesa.

Vijana wembamba tu

Twende Marekani, Aprili 1860. Kampuni ya Pony Express inaanza kusafirisha barua kutoka Missouri hadi California, kama kilomita 3,000, kwa siku 10 hivi. Mwanzoni barua ndogo tu ililipiwa dola 5, hela ndefu kwa wakati ule. Ili farasi akimbie, kampuni ilitaka vijana wepesi, wa kilo 57 hivi. Mfuko wa barua ulikuwa na kilo 9 tu, na farasi walibadilishwa kila baada ya kilomita 16 hadi 24.

Usidhani ni upendo. Farasi akichoka barua inachelewa, basi. Oktoba 1861 simu ya waya ikaunganisha nchi, na Pony Express ikafa baada ya miezi 18 tu.

Jeshi nalo likapiga hesabu

Jeshi la wapanda farasi la Marekani nalo halikutaka kuua farasi wake njiani. Miongozo yake ya mwaka 1920 ilisema farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake. Yaani farasi wa kilo 450 mwisho wake ni kilo 90, na humo tandiko linahesabiwa!

Mwaka 2008 watafiti wa Ohio wakaijaribu hesabu hiyo kwa farasi 8, waliobeba asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Kwenye 25 na 30 mapigo ya moyo yalipanda zaidi, na kwenye 30 misuli ndiyo iliyouma na kukaza kupita kiasi. Kumbe wale wanajeshi hawakuwa mbali na ukweli.

Sekeseke la Santorini

Sasa njoo Ugiriki, 2018. Kisiwani Santorini watalii hupandishwa ngazi zaidi ya 500, kutoka bandari ya zamani hadi mjini Fira, juu ya punda na nyumbu (siyo wale wa Serengeti, ni chotara wa punda na farasi). Picha za wanyama hao wakihemewa zikasambaa mitandaoni, na serikali ikatoa kanuni: mnyama asibebe zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake.

Watu wengi wakashika hiyo 100 tu, wakaanza kuwacheka watalii wanene. Lakini hebu piga hesabu ile nyingine. Moja ya tano ya punda wa kilo 200 ni kilo 40. Arobaini! Mrembo wa kilo 60 anayejiona mwepesi kama unyoya naye kazidisha. Kwa hiyo ishu haikuwa unene wa watu. Ni mnyama mdogo kupewa kazi kubwa, kwenye jua, ngazi baada ya ngazi, kwa sababu kila safari ina hela yake.

Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Zaidi ya miaka 150 imepita tangu Pony Express, na hesabu ya kumlinda mnyama ipo, rahisi hata kwa simu yako: uzito wa mnyama gawanya kwa tano, kisha toa tandiko. Kinachobaki ndicho chako. Kama hakikutoshi, tembea kwa miguu, picha itatoka tu.

Wewe ungepanda au ungetembea? Dondosha maoni yako hapo chini.