Ugonjwa Uliowageukia Wazee

Hapa Mpanda magonjwa ya kuambukiza yalikuwa na kawaida ya kuanza na watoto. Surua, ndui, kifaduro, kuhara: taja wowote kati ya hayo mbele ya mzee wa mtaa wetu wa Majengo mwenye umri kama wangu, atakuhesabia ndugu zake waliozikwa wangali wa kubebwa mgongoni. Ndiyo maana korona ilipoingia nchini Machi 2020, na redio zikaanza kusema kwamba wa kuogopewa zaidi ni wazee, wengi wetu tulitazamana. Ugonjwa gani huo unaomruka mtoto aliyelala mkekani, ukamfuata bibi yake aliye pembeni?

Wapo vijana wa sekondari leo ambao mwaka ule wanaukumbuka kama likizo ndefu tu. Kwa ajili yao naandika, na kwa sababu nyingine: hofu ile ya 2020 haielezeki bila kurudi nyuma kidogo, kwenye magonjwa yaliyotufundisha kuogopa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Baba yangu, Muha wa Kasulu, alifika huku kufuata kazi kwenye mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba, baada ya reli ya kutoka Kaliua kufika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960 Wazungu walifunga mizigo yao, sisi tukabaki. Kwa hiyo utoto wangu ni wa kambi ya wafanyakazi, nyumba zimebanana, na surua ikiingia nyumba ya kwanza ilikuwa haina haja ya kuuliza njia.

Naikumbuka ilivyokuwa kwetu. Kanga ilitundikwa dirishani kwa sababu macho ya mgonjwa hayakutaka mwanga. Watoto wazima walifukuzwa uani wakacheze mbali. Mama, kama alikuwa na kichanga, hakuruhusiwa kumshika mgonjwa hata alie vipi. Aliyeingia na uji, aliyemfuta mtoto jasho, aliyelala naye mkeka mmoja, alikuwa bibi. Watu wa siku hizi watasema ni kwa sababu bibi ana huruma. Huruma alikuwa nayo, lakini sababu ilikuwa nyingine. Bibi alikwishaugua surua utotoni, na usoni alikuwa na makovu ya ndui. Magonjwa yalikuwa yamempitia yakamwacha. Katika nyumba ile nzima, bibi ndiye aliyekuwa salama.

Kwenye ndui utaratibu ulikuwa huohuo. Mgonjwa alitengwa kibandani nje ya kijiji, na aliyempelekea chakula alikuwa mtu aliyekwishaugua akapona. Hakuna daktari aliyekuja kuwafundisha wazee wetu hilo. Waliliona wenyewe kwa kuzika. Chanjo ndiyo iliyokuja kulimaliza jambo. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa njia ya kawaida aliugua Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa umekwisha. Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza mwaka 1975, nami nilipokuwa mwalimu kijana niliona madarasa yakianza kujaa watoto ambao zamani wasingefika umri wa kushika kalamu.

   

Lakini muda mrefu kabla ya chanjo hizo, malale ndiyo iliyoleta mkono wa serikali. Miaka ya 1920 na kuendelea, Waingereza waliamua kwamba dawa ya mbung'o wanaoieneza ni kuwaondoa watu waliokaa kwa kutawanyika porini na kuwakusanya kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa. Aliyesimamia kazi hiyo Tanganyika alikuwa Dk. George Maclean. Huku kwetu iliwakuta Wapimbwe na Wakonongo, na Inyonga ilikua kutokana na makazi ya namna hiyo. Mama mmoja wa Kikonongo niliyefundisha naye alinisimulia alivyosikia kwa bibi zake: amri ilikuja, nyumba zikaachwa, na waliosumbua zaidi walikuwa wazee, waliouliza nani atayaangalia makaburi. Hawakusikilizwa. Walikohama kukageuka pori, wanyama wakachukua nafasi. Sisemi kwamba Maclean alikosea kitabibu. Nasema tu kwamba tangu zama hizo watu wa mkoa wetu wa Katavi wamejua kuwa serikali ikija na dawa ya ugonjwa, inaweza kuanza na kuwaambia walale wapi.

Basi tufike 2020.

Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akazifunga shule zote, kuanzia za awali hadi sekondari, kisha vikafuata vyuo. Michezo na mikusanyiko ikasimamishwa. Lakini karantini ya kufungiwa ndani, kama walivyofungiwa Rwanda na Uganda, hatukuwa nayo. Rais Magufuli aliikataa waziwazi, na sokoni kwetu watu waliendelea kuuza mchele na dagaa. Misikiti na makanisa vilibaki wazi. Tarehe 17 hadi 19 Aprili taifa zima liliombwa kufanya maombi, na Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa mwezi ule tuliswali tarawehe kama kawaida, isipokuwa waliochagua kuswalia nyumbani. Mimi nilichagua nyumbani. Wengine walinicheka, na sikuwajali.

Nitasema wazi ninavyoona: kuifungia Majengo ndani kungekuwa balaa. Huku nyumba moja ina wapangaji chumba kwa chumba, ua mmoja, choo kimoja, na mama anayeuza maandazi akikaa ndani siku mbili, ya tatu hana unga. Aliyekataa kufungia watu alijua wanavyoishi. Ila kukataa karantini ni jambo moja, na kuwafikiria wazee ni jambo lingine. Hilo la pili lilikosa mwenyewe.

Tazama kilichotokea. Shule zilifungwa ili kuwalinda watoto, na lilikuwa jambo la busara kwa siku zile ambazo hakuna aliyeujua ugonjwa vizuri. Je, mtoto aliyefungiwa shule anakwenda wapi? Baba yuko dukani, mama yuko shambani, na miezi ya Aprili na Mei ndipo mpunga na mahindi vinapoanza kuingia. Mtoto anapelekwa kwa bibi. Dar es Salaam nako, ambako ugonjwa ulikuwa umekolea, wazazi waliogopa, wakawapandisha watoto mabasi na treni: nendeni Mpanda kwa bibi, huko kuna hewa nzuri. Wajukuu zangu waliletwa hivyohivyo. Wazazi wao walifanya walichofundishwa na surua na ndui, kwamba mtoto akiwa hatarini mpe bibi, kwani bibi amekwishapitiwa. Safari hii hakuna bibi aliyekuwa amepitiwa. Utaratibu uliotuokoa kwa vizazi ukawa ndio mlango wa kuingilia.

Sikuwarudisha. Nani amrudishe mjukuu? Niliweka ndoo yenye koki kwenye kinu kilichopinduliwa karibu na mlango, sabuni ya mche nikaitoboa na kuitundika kwa kamba isipotee. Wajukuu waliagizwa kunawa mpaka mikono ikapauka. Fundi cherehani wa jirani alitushonea barakoa za vitenge, za watoto zikiwa kubwa mno, zinaning'inia kidevuni. Walilala chumba chao, mimi changu, jambo lililomuumiza mdogo kuliko yote, aliyekuja akitegemea hadithi za usiku. Nilimsimulia nikiwa nimekaa kizingitini, yeye yuko kitandani. Majirani wenye chumba kimoja hawakuwa na kizingiti cha kukaa.

Salamu ilikuwa kizaazaa. Muha na Msukuma wanataka mkono. Wafipa ndio waliopita bila tabu, maana wao salamu yao ya heshima ya kupiga makofi ilikuwepo tayari. Kwa wiki kadhaa Majengo nzima ilikuwa Wafipa.

Jioni ilikuwa zamu ya kujifukiza. Sufuria la majani ya mkaratusi, mpera, mchaichai na maganda ya limau linachemshwa, unakaa nalo chini ya blanketi, mvuke unakupiga usoni hadi machozi yatoke. Pua inafunguka, hilo ni kweli. Lakini niliwahi kuona mtoto mdogo akiingizwa chini ya blanketi lile analia, sufuria linatikisika, nikamwambia mama yake: mwanangu, korona inaweza isimpate, maji haya ya moto yatampata. Akaniamkia shikamoo kwa hasira, lakini mtoto akamtoa.

Takwimu za nchi zilisimama mwanzoni mwa Mei, zikiwa wagonjwa 509 na waliofariki 21, na zikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29 Juni. Uganda ilikuja kufungua shule zote Januari 2022, karibu miaka miwili baada ya kuzifunga, kwa hiyo sisi tulipona mengi. Lakini hata miezi ile mitatu na nusu ilikuwa na hatari yake kwa watoto, na haikuwa virusi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuwa umekwishaonyesha kwamba Katavi, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Tulikuwa wa kwanza, na si ukwanza wa kujisifia. Msichana wa darasa la sita akikaa nyumbani kuanzia Machi, mwalimu yeyote wa huku anajua anachokihofia. Zaidi ya hayo, kwa wakati ule aliyepata mimba alikuwa harudi tena darasani kwenye shule ya serikali. Zuio hilo liliondolewa na Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, tarehe 24 Novemba 2021, na kwa wasichana wengine lilikuwa limechelewa.

Wazee walianza kwenda baadaye, mwanzoni mwa 2021, wakati barakoa zilikuwa zimeshageuzwa vitambaa vya kufutia meza. Kila msiba ulisemwa ni "changamoto ya upumuaji", au nimonia. Kwenye matanga tulikaa tumebanana turubaini kama siku zote, na mimi nilikwenda, kwani kutozikana ni aibu kubwa kuliko ugonjwa, au ndivyo tulivyoona. Jirani zangu Wakatoliki walikuwa na barua ya Baraza la Maaskofu ya Januari 2021 iliyowaonya waumini kwamba wimbi jipya limeingia. Aliyeitia saini kama rais wa baraza alikuwa Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, ambaye mpaka 2018 alikuwa askofu wa hapahapa Mpanda. Kwa hiyo watu wa huku waliijua sauti yake. Nilisikia wazee wakisema: huyu hatutanii, anatujua. Ilisaidia kuliko tangazo lolote.

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Chini ya Rais Samia chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai mwaka huohuo, dozi zaidi ya milioni moja za Janssen, na waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, wenye magonjwa sugu na watu wa miaka 50 na kuendelea. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona foleni ya chanjo yenye vikongojo badala ya vichanga. Mzee mmoja alimuuliza nesi kama atapewa na kadi ya kliniki. Alipewa cheti, akakikunja akakitia kwenye kofia. Wengi hawakuja, kwa uvumi uliokuwa umewaingia, na siwezi kuwalaumu sana watu walioambiwa mwaka mzima kwamba hakuna jambo.

Ikija homa nyingine, na itakuja, wapo watakaokaa mezani kuamua shule zifungwe lini. Nawaomba jambo moja dogo. Kabla hawajatia saini, wawatume wenyeviti wa mitaa wapite Majengo, Nsemulwa, Makanyagio, Kashaulili, waulize kila nyumba watoto watashinda na nani na usiku watalala chumba gani. Nanyi mlioko Dar, mkitaka kutuletea wajukuu, waleteni, tutawapokea. Ila pigeni simu kwanza, mseme ukweli kama kuna anayekohoa.