Malale na Tezi za Shingo: Hofu ya Kuugua Bila Kujua

Mwenye simu katika Baraka au Minembwe aweza leo kuiuliza intaneti usiku kucha juu ya uvimbe mmoja, na kila jibu likamzidishia shaka. Hofu hiyo ina historia ndefu katika Kongo. Neno malale, lenye shina moja na kulala, huutaja ugonjwa kwa mwisho wake, yaani usingizi. Bali Dutton na Todd, madaktari wa Liverpool waliofika Kongo mwaka 1903, waliutafuta mwanzo wake katika tezi za shingo. (Dutton mwenyewe alifia Kasongo mwaka 1905, kwa homa ya papasi.) Walishauri kila Mwafrika mwenye tezi zilizovimba ahesabiwe mgonjwa mpaka ithibitike vingine, ingawa tezi huvimba hata kwa kidonda cha kichwani. Hivyo asiyesinzia wala kuumwa aliweza kuitwa mgonjwa kwa kuguswa tu. Nyanda za Minembwe, kwa baridi yake, si makao ya mbung'o wa ufukweni. Hatari ilikuwa kwa aliyeshuka ziwani. Wala hofu haikuwa upuuzi: atoksili, dawa ya siku zile, iliwapofusha baadhi ya waliotibiwa, na lazareti iliwatenga wagonjwa na jamaa zao.