Kirore: Fomu Iliyotoa Watu Kanisani

Vikundi vingi vya kanisa huku mlimani siku hizi vina fomu. Jumuiya Nyeri mjini, kikundi cha nyumbani Karatina, vijana Nanyuki: linki inatupwa WhatsApp, mnaombwa maoni. Halafu kiongozi analalamika eti vijana hawajazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie somo la profesa. Lakini jibu la hiyo lawama liko kwa historia yetu wenyewe, na ni zito.

Twende 1929. Mwezi wa Machi wawakilishi wa makanisa ya misheni walikutana Tumutumu, hapo karibu na Karatina. Wakaamua Mkristo atakayefuata tohara ya wasichana asimamishwe kanisani. Baadaye mwaka huohuo misheni kadhaa zikaleta karatasi: muumini atie kidole kwamba ameikataa hiyo desturi. Watu wakaipa jina kirore, yaani alama ya kidole gumba.

Kabla hujanirukia, tuelewane. Ukeketaji unaumiza wasichana, na sheria ya Kenya ya 2011 inaupiga marufuku. Sitetei hiyo kitu hata kidogo. Ninachouliza ni hiki: ile karatasi ilikuwa inauliza nini? Haikuuliza chochote. Uamuzi ulikuwa umeshapita. Nafasi ilikuwa ya kidole tu, si ya neno lako. Na hata siasa iliingizwa humo, kwa sababu wazee wa kanisa walibanwa pia waachane na chama cha Kikuyu Central Association.

Basi watu wakajibu kwa njia nyingine. Waliondoka. Chogoria, upande wa Meru, waliobaki walikuwa wa kuhesabika. Vijana wakatunga wimbo wa Muthirigu wa kuwakejeli wamisheni na machifu, ukaenea vijiji vyote mpaka serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Kumbuka, huo wimbo ndio ulikuwa maoni ya waumini, ila hakuna aliyetaka kuyapokea yakiwa hivyo. Waliotoka wakajijengea shule na makanisa yao, na mwaka 1935 wakamleta Askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini awafundishie makasisi. Kanisa la AIPCA unaloliona leo mitaani linatoka kwa hiyo historia.

Lakini hata upande wa walioondoka usiusifu haraka. Katika ile kelele yote, wamisheni waliongea, wazee waliongea, wanasiasa waliongea. Msichana mwenye mwili wake? Hakuna upande uliomkalisha chini ukamuuliza. Hapo ndipo mimi huumia nikisoma hii story.

Miaka 44 baadaye wazo likabadilika kiasi. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, waliamua maisha ya kanisa yajengwe kwa jumuiya ndogo ndogo: majirani wanakutana nyumbani, wanasoma Injili, wanasaidiana. Kwenye benchi Jumapili wewe ni msikilizaji. Kwa sebule ya mama fulani, mkiwa watu kumi na wawili, angalau unaweza kufungua mdomo.

Unaweza, lakini je, unafungua? Vikundi vingi nilivyoona, wanaoongea ni walewale: mwenyekiti, mweka hazina, na yule mzee wa maombi marefu. Msichana wa miaka 17 anapika chai na kutoa vikombe. Ukimtumia fomu yenye sehemu ya jina na namba ya simu, atajaza "sawa" kila mahali, kwa sababu mwenyekiti ni shangazi yake. Hiyo ni kirore ya kidijitali.

Kiongozi, kama unataka maoni ya kweli, uliza kabla hamjaamua saa, mchango au mada. Toa sehemu ya jina. Mfuate anayenyamaza, umuulize akiwa pekee yake. Halafu mkikutana tena, soma mbele ya wote mlichoambiwa na mseme mtabadilisha nini, na lipi hamtabadilisha na kwa nini.

Na wewe kijana, linki ikija wiki hii, angalia kitu kimoja kabla ujaze: kuna mahali pa kuandika "hapana", na anayeandika atabaki salama kwa kikundi? Kama hakuna, mwambie kiongozi hivyo kwanza, kabla miguu yako haijamwambia.