Nyaraka za Wanaharakati Wakimbizi: Hoja ya Kuzihifadhi Mbarara

Ray Alexander, binti wa Kiyahudi aliyezaliwa Latvia, alifika Cape Town mwaka 1929. Mwaka 1941 alianzisha chama cha wafanyakazi wa viwanda vya vyakula. Mwaka 1953 serikali ya makaburu ikamlazimisha kukiacha. Mwaka 1965 yeye na mumewe, Jack Simons, wakakimbilia Zambia. Alirudi nyumbani mwaka 1990. Leo nyaraka za wawili hao zimo katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na mtafiti wa harakati za wafanyakazi Afrika Kusini hawezi kuziruka.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nako wapo waliotetea haki za wafanyakazi kabla ya kukimbia, ila karatasi zao hazina makao. Makazi haya ya wilaya ya Isingiro, takriban kilomita 60 kutoka mjini Mbarara, yalianza kwa kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, wakiwamo walimu na wauguzi. Mtu wa namna hii hukimbia na bahasha ya nailoni: vyeti vya shule, kitambulisho cha kazi, kadi ya chama, pengine daftari la mikutano lenye majina na sahihi za waliodai mishahara yao. Vyeti na kitambulisho huonyeshwa kwa maofisa. Daftari hubaki chini ya godoro, likingoja mchwa na mvua ya masika.

Daftari hilo ndilo lenye thamani kubwa zaidi kwa mwanahistoria. Mwaka 1967 Rais Mobutu aliviunganisha vyama vyote vya wafanyakazi vya Kongo kuwa kimoja chini ya dola, na hali hiyo ikadumu hadi mwaka 1990. Kumbukumbu rasmi za kipindi hicho zinasema yale ambayo dola ilitaka yasemwe. Manung'uniko ya tawi dogo la Uvira au Bukavu, na namna wanachama walivyobishana kabla ya kugoma, tutayapata kwa mtu binafsi au tusiyapate kabisa.

Kuna pingamizi zito. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kujiunga na chama cha wafanyakazi, lakini inamkataza siasa. Huko walikotoka, mgomo wa walimu waweza kuhesabiwa uasi, na majina yaliyomo daftarini ni ya watu ambao wengine wangali hai. Ndiyo maana siungi mkono wazo la kupiga picha kila kitu na kukitupia kwenye intaneti, wala la kupeleka nakala halisi katika maktaba za Ulaya ambako mwenyewe hataweza kufika. Moto ulioteketeza ukumbi wa maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu hichohicho cha Cape Town, Aprili 2021, unatufundisha pia tusiweke nakala zote mahali pamoja.

Mahali panapofaa ni Mbarara. Hadi mwaka 2005 Isingiro ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara, na mjini kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Chuo hicho kianze na chumba kimoja, mashine ya kunakili na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili: nakala halisi irudi kwa mwenyewe, naye ndiye aamue nani asome na lini. Wanahistoria wenzangu, tuliombe jambo hili rasmi, wazee hawa wakiwa bado wanaweza kutusomea mwandiko wao.